Madigadi ya Nyuma

Wiki iliyopita tulimzika kijijini kwao, Itiryo, yule fundi aliyekuwa akitoa kutu kwenye vyuma kwa kupuliza mchanga kwa kompresa, uani kwake hapa Bomani. Hakuwa rafiki yangu. Tulijuana kwa salamu na kwa kazi. Alikohoa miaka mitatu. Alikunywa dawa za kifua kikuu zikaisha, kikohozi kikabaki, mpaka daktari mmoja alipokumbuka kumuuliza anafanya kazi gani. Wakati huo mapafu yalikuwa yameshajaa vumbi la mawe. Nimechoka kuandika misiba, wasomaji wangu mnajua, lakini huu nisipouandika utanikaba.

Vyuma vizito, mageti na rimu za trekta, alivipiga mchanga wa makarasha kutoka machimbo ya Kewanja, ule unaobaki wachimbaji wakishasaga mawe yao kwa mashine. Sifa yake hasa ilikuwa kwenye vyuma vyembamba. Kabla hajagusa mali ya mtu, alichukua kipande cha bati la kopo, akakinyoosha, akakipulizia, kisha akakilaza juu ya kioo cha dirisha na kukigusa pembeni kwa kidole. Kikichezacheza, alijua bati limejikunja na mchanga huo ni mkali mno. Hapo aliuweka kando na kutumia magunzi ya mahindi, ambayo mke wake aliyatwanga na kuyachekecha mpaka yakawa chenga. Sijaona fundi mwingine akilihurumia bati namna ile.

Nilimpelekea madigadi mbili za baiskeli ya marehemu baba yangu. Tulikuwa na kumbukumbu ya mwaka Jumamosi ile, na nilitaka wageni waikute baiskeli inang'aa.

"Mura, kijana wangu, hii ni nyembamba sana," alisema akiikunjakunja ile ya mbele. "Tuipige magunzi. Yatatoa rangi, kutu nitamalizia na msasa, kwa mkono. Nipe wiki mbili."

"Shikamoo yangu umeipokea vizuri, mzee, sasa na hili nipokelee," nilimtania. "Jumamosi nina wageni. Weka mchanga."

Aliniangalia kidogo. "Mchanga utaweza, nikishusha presha. Basi nifanye moja tu, ya mbele. Ya nyuma uniachie, utakuja ukiwa na nafasi." Akajifunga kitenge puani, akawasha kompresa, kisha akanionyesha kwa mkono. "Simama kule, upepo usikuletee vumbi." Nikaenda kusimama kule. Madigadi ikatoka safi, haikujikunja hata kidogo. Nikamsifu, naye akainama akikohoa.

Msibani nilisikia watu wakisema kinyozi hajinyoi, kwamba alitunza mabati ya watu akasahau kifua chake. Hilo nilipaswa kulipinga pale pale. Fundi yule alijua vumbi lile ni baya. Magunzi alikuwa nayo, msasa alikuwa nao, na kila mara alianza kwa kuomba wiki mbili. Ni sisi tuliokuwa na harusi kesho, mnunuzi wa pikipiki jioni, wageni Jumamosi. Haraka haraka haina baraka tunawafundisha watoto shuleni, kisha tunatoka na kwenda kumsimamia fundi mlangoni. Vumbi la madigadi moja halimuui mtu, najua. Lakini kila mmoja wetu alileta moja yake, na sote tulisimama upande ambao upepo hautufikii.

Baada ya mazishi mke wake aliniita ndani. Akanipa madigadi ya nyuma imefungwa kwenye kiroba. Rangi yote ilikuwa imetoka, kutu ilikuwa bado, na ndani kulikuwa na kipande cha msasa.

"Alianza na magunzi, nguvu zikamwishia," alisema. "Akasema hii utaimaliza wewe mwenyewe, haina wageni wa Jumamosi."

Nimeanza kuisugua. Nalowesha msasa kwanza ili vumbi lisiruke, na mkono unauma upesi kuliko nilivyodhani. Kama nimejifunza kitu, ni kwamba anayemharakisha fundi na aulize kwanza vumbi la haraka yake litaingia kifuani kwa nani. Leo ni siku ya sita na sijafika nusu. Sina haraka tena, mzee. Na wewe uliyestahili kuambiwa hivyo, hupo.