Blanketi Lililoitwa Kalunde

Wifi yangu Kaluki ni mkaidi. Nimeshamwambia hivyo usoni mara nyingi, kwa hiyo hapa simsengenyi mtu. Mimi Winfred nimeolewa na kaka yake, maboma yetu yanapakana huku Kalama, na kwa miaka tisa nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha akina mama wanaoshona mablanketi ya viraka. Mwenyekiti ni yeye. Basi shida zangu mmeshazijua.

Viraka tunavitoa soko la Tala, kwenye mashati na marinda ya mitumba yaliyokosa wa kuyanunua. Tunakata, tunaunga, katikati tunatia pamba, nyuma tunaweka kitambaa kimoja kizima, halafu tunapitisha mishono kwa mkono kutoka uso mpaka mgongo ili pamba isitembee. Watu wengine hubandika lebo pembeni wakishamaliza kazi. Kaluki huanza na lebo. Pamba haijaingia bado, anachukua kitambaa cheupe cha ukubwa wa kiganja, anaandika kwa penseli, anafuatisha maandishi kwa uzi mwekundu, kisha anakishona kwenye kile kitambaa cha mgongo. Baadaye mishono yote inapita juu yake. Alianza hivyo baada ya mchuuzi mmoja kufumua lebo zake na kuuza mablanketi yale kama mali ya ng'ambo. Alituambia kuwa sasa anayetaka kulitoa jina lake alitoe pamoja na blanketi, na sote akatufundisha hivyo hivyo.

Kwenye lebo huandikwa jina la mshonaji na jina la blanketi lenyewe. Ndiyo, blanketi lina jina. Sisi Wakamba mtoto tunamwita kwa namna alivyokuja: wa mvua ni Wambua, wa njiani ni Nzilani. Kaluki akasema blanketi nalo linazaliwa. Langu nililolimaliza nikiwa safarini kwenda Mwala kumzika shangazi likaitwa Kyalo, yaani safari. Nilimwambia ana wazimu kidogo, lakini nikaandika.

Wazimu huo aliurithi kwa mama yake, Kalunde, mama mkwe wangu. Kalunde alisuka vyondo maisha yake yote. Alisokota katani kwenye paja mpaka ngozi ya paja ikawa ngumu kama ya kisigino. Jumapili moja mgeni kutoka mbali alikuja kanisani na kiondo begani, kimetiwa ngozi na kipande cha shaba chenye jina la kampuni. Kalunde aliitambua kazi ya mikono yake mwenyewe. Alimfuata yule mgeni akamwambia, mimi ndiye niliyekisuka hiki. Mgeni akatabasamu, akamwonyesha kile kipande cha shaba, akaenda zake. Mama wa watu alirudi nyumbani hakula. Kaluki alikuwa na miaka kumi na miwili, na hajasahau mpaka leo.

Sasa, mwaka juzi hoteli moja mpya mjini Machakos ikatuagiza mablanketi ishirini. Hatukuwa tumewahi kupata oda kama hiyo. Tulikuwa tumemaliza kumi na tisa wakati bahasha ilipofika kutoka kwa meneja, Madam Ndinda. Ndani mlikuwa na vilebo vya hoteli, vidogo kama kidole gumba, na barua: lebo iwe ya hoteli peke yake, jina la mtu yeyote lisionekane.

Jamani, niliisoma ile barua nikakaa chini. Majina yalikuwa yameshashonewa mgongoni, na kilebo cha kidole gumba hakiwezi kufunika lebo ya kiganja. Kufumua kungeharibu kila kitu. Mbithi, mkubwa wetu kwa umri, akalia waziwazi. Tukamsihi Kaluki angalau lile la ishirini, ambalo lilikuwa mikononi mwake, aliache bila jina, meneja aone tuna nia njema. Akaendelea kushona, na mimi nikadhani amekubali. Miaka yote hiyo na bado simjui mtu! Siku ya kupeleka mzigo ndipo nililipindua. Lilikuwa limeandikwa: Kalunde. Mshonaji, Kaluki, binti yake.

Pale hotelini Madam Ndinda alipindua moja, la pili, la tatu, uso ukabadilika. Akatuuliza kama hatujui kusoma. Nikaanza kuomba radhi kama katibu, na ningeendelea kuomba mpaka jioni, lakini Kaluki akatoa mkasi kwenye mkoba, akauweka juu ya lile la ishirini.

"Madam, kata wewe. Mimi jina la mama yangu siwezi kulikata."

Ndinda akauchukua. Akakata mishono miwili, pamba ikachungulia, akaacha. Wageni wa mkutano walikuwa wanaingia kesho yake na vitanda havikuwa na kitu. Akaagiza mablanketi yatandikwe, mgongo chini, na akatuambia tusitegemee oda nyingine. Nilikasirika na Kaluki vibaya sana. Kanisani nilikaa benchi la mbali naye wiki tatu.

Halafu Julai ikaja na baridi yake. Mtu akihisi baridi anajifunika gubigubi, analivuta blanketi huku na huku, na mgongo unageuka juu. Wageni wakaanza kusoma. Mmoja akauliza Wambua ni nani. Mwingine aliporudi mwezi uliofuata akataka alale na Nzilani aliyemzoea. Mwishoni mwa Agosti Madam Ndinda akanipigia simu: anataka thelathini mengine, na yale majina tusiyasahau. Nilijifanya simu haisikiki vizuri ili arudie. Kisha nikavuka ua, nikamwambia wifi yangu kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mwoga. Akanipa sindano, akasema tuanze.

Tulipopeleka yale thelathini, tulisimama mapokezi tukingoja. Msichana wa mapokezi akamwita mwenzake wa kufua nguo, akamuuliza Kalunde ako wapi.

"Kalunde ako chumba ya saba," akajibiwa. "Mgeni amekataa kumwachilia."

Kaluki akaganda. Mama yake alikuwa kaburini miaka kumi na minne, na mtu aliyemkatalia kiondo chake hakuwahi kumuuliza jina. Machozi yakamtoka, lakini kichwa alikiinua juu. Akamsogelea yule msichana, akamwomba arudie.

"Kalunde, mama. Ako chumba ya saba."

"Rudia tena," Kaluki akasema, "huyu katibu wangu asikie vizuri."