Majivu si ukungu: jinsi mke wangu alivyokosa Kipaimara cha binti yetu

Wakuu, salaam. Wewe uliyefungua uzi huu ukiwa kwenye foleni ya benki, au umejilaza kwenye kochi unasubiri chakula, hebu nipe sikio lako kidogo. Nitakueleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa darasa la sita. Chumvi sitaongeza. Mambo yenyewe yalitosha yalivyo.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi, huku Lushoto. Mke wangu, Mama Naomi, anafanya kazi za ndani Muscat, Oman.

Kabla hujaandika "kwa nini ulimruhusu", tulikaa wawili tukakubaliana, na bosi wake ni mtu mwenye utu. Wapo wanaopata mabosi wabaya, nalijua hilo, lakini leo sizungumzii hayo.

Binti yetu Naomi alikuwa anapata Kipaimara. Kwa wasio Walutheri: ni siku ambayo mtoto aliyebatizwa akiwa mchanga anasimama mwenyewe mbele ya usharika na kuikiri imani kwa kinywa chake. Huku kwetu milimani sherehe yake inakaribia harusi. Ndugu wanatoka mbali, mbuzi wanachinjwa, kwaya inaimba mpaka nyumbani. Na siku hiyo inapangwa na usharika kwa watoto wote pamoja. Haisogezwi kwa ajili ya mzazi mmoja.

Mama yake alimwacha Naomi akiwa anamfikia kiunoni. Sasa mtoto ananipita mimi bega.

Bosi alimpa likizo fupi kwa sababu familia yake yote ilikuwa inasafiri. Wakirudi, naye awe amerudi. Likizo nyingine ni mpaka mkataba uishe. Kwa hiyo ilikuwa Jumapili hiyo au basi.

Wiki ile ile, volkano moja huko Ethiopia ikalipuka.

Wengi wetu tuliiona kwenye simu tukapita. Nani anajali mlima wa Ethiopia? Lakini upepo wa juu ulibeba majivu yake ukavuka bahari, ukayapeleka upande wa Yemen na Oman, kisha mbele zaidi. Ndege zikaanza kufutwa.

Siku ya safari tulikuwa Vuga, nyumbani kwa baba mkwe, tukipanga mambo ya sherehe. Baba mkwe ni dereva mstaafu. Ameendesha lori la mboga maisha yake yote, kabichi na karoti kutoka huku mpaka sokoni Dar. Ni mtu anayeheshimiwa, na heshima yake ameipata barabarani.

Ili unielewe huko mbele, nikuambie kwanza kuhusu ukungu wetu.

Kama umewahi kupanda kutoka Mombo kuja Soni asubuhi ya baridi, unaujua. Ukungu unashuka ghafla, huoni hata boneti ya gari lako. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo. Baba mkwe ana sheria moja aliyowafundisha madereva wote wachanga: ukungu ukikukuta, simama, washa taa, subiri. Jua likipanda utaondoka wenyewe. Usitafute njia ya kuzunguka kwenye vijiji, maana huko ndiko utakakofia. Mwenzake mmoja alizunguka. Walimtoa korongoni kwa kamba.

"Ukungu hauzungukwi," ndivyo anavyosema. Watoto wake wote wamekua na sentensi hiyo.

Basi simu ikaita. Ni Mama Naomi, yuko uwanja wa ndege. Baba mkwe akaweka spika ili wote tusikie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeshapanda?"

"Bado baba. Ndege imefutwa. Wanasema kuna majivu angani."

Shemeji yangu Elia, kaka yake mke wangu, mtu asiyeweza kupitisha dakika bila utani, akatoka nje, akatazama juu, akarudi.

"Majivu gani dada? Hapa mashuka ya mama yameanikwa na ni meupe pee. Au umependa halua ya huko?"

Watu wakacheka. Mama Naomi hakucheka.

"Baba, wanatoa nafasi kwenye ndege nyingine. Inazunguka mbali sana, nitalala transit, halafu niunganishe kuja Dar. Niko kwenye foleni, wanataka nijibu sasa hivi. Au nisubiri hii ya kwangu, huenda ikaruka kesho."

Baba mkwe akavuta kiti karibu na simu.

"Kuzunguka wapi?"

Akataja mji. Hakuna aliyekuwa anaujua.

Hapo nikaomba kusema. Mkwe hakurupuki tu kuongea mbele ya baba mkwe, mnajua. Nikaanza, "Baba, kwa ruhusa yako..."

Elia akadakia, "Haya, mwalimu kagonga kengele. Kaeni wawili wawili."

Nikaeleza. Na nilieleza vizuri, wakuu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nikasema, baba, haya si majivu ya jikoni. Majivu ya jikoni ni kuni iliyoungua, ukiyafikicha yanapotea. Ya volkano ni mwamba uliosagika ukawa unga, na ndani yake mna chembe kama za kioo. Injini ya ndege inavuta hewa nyingi sana na ndani yake kuna moto mkali. Unga ule ukiingia unayeyuka, halafu unaganda kwenye mapanga ya injini kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria. Injini inaweza kuzimika ndege ikiwa juu. Na rubani anaweza asiyaone, maana yakitawanyika mbali anga linaonekana safi tu, kama hili la hapa Vuga.

Mama mkwe akashika mdomo.

Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa taratibu, akaniambia, "Ahsante mwalimu. Umenisaidia. Sikujua kama ni baya kiasi hicho."

Kisha akaigeukia simu.

"Umemsikia mume wako? Toka kwenye hiyo foleni, mwanangu. Kaa chini. Hilo ni baya kuliko ukungu, na ukungu wenyewe hauzungukwi. Subiri litulie, uje na njia yako unayoijua."

Nikasema, "Lakini baba, hiyo ya kuzunguka inapita mahali pasipo na majivu..."

"Mwalimu, wewe mwenyewe umesema hayaonekani. Nani amekuhakikishia kwamba huko hayapo?"

Nikamwambia wataalamu wanayafuatilia kwa setilaiti. Akanitazama kwa upole kabisa. "Na mimi nilikuwa naambiwa na vijana wa sokoni kwamba barabara ni nyeupe. Nikifika Soni siioni."

Halafu Mama Naomi akasema, "Sawa baba. Nakaa."

Naomi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maharage. Akauliza, "Kwa hiyo kesho?" Babu yake akamjibu, "Kesho, mjukuu wangu. Jua likipanda."

Nilimpigia mke wangu baadaye, peke yetu. Akaniambia, "Baba Naomi, nafasi imeshachukuliwa na mtu mwingine. Na wewe ndiye uliyesema injini inazimika."



Kesho yake ndege haikuruka. Nilimweleza Naomi tofauti ya majivu na ukungu. Ukungu ni maji, jua likiupasha unayeyuka. Jua haliyeyushi mwamba. Majivu yanaondoka upepo ukiyasukuma na mlima ukiacha kutema, na mlima hausikilizi mtu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama mama atawahi mazoezi ya Jumamosi.

Ijumaa habari zikawa nzuri: anga limefunguka. Vuga tulipiga vigelegele. Baba mkwe akasema, "Si nilisema?" na Elia akaanza kutafuta gari la kwenda kumpokea Dar.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha sayansi ninachofundishia.

Majivu yakiondoka, foleni haiondoki. Ndege zimebaki kwenye viwanja visivyo vyake. Marubani wametawanyika. Na ndege zinazoruka tayari zina watu waliokata tiketi zao mapema kwa siku hiyo, hao hawaondolewi ili wewe wa juzi upande. Wewe unachomekwa panapobaki nafasi. Mke wangu alipangiwa kiti cha Jumanne.

Jumanne! Kipaimara Jumapili, na wiki hiyo hiyo bosi anarudi. Angefika Lushoto, akalala siku moja, akageuza.

Elia akaacha kutafuta gari, bila utani hata mmoja. Ni mara ya kwanza kumwona hivyo.

Jumamosi alasiri tukasikia hodi nje. Sauti ya mwanamke.

Naomi alitoka mbio bila viatu. Sote tulidhani ni mama yake, sijui kwa nini, maana tulijua yuko Muscat. Moyo hauna kalenda.

Alikuwa dada mmoja anaitwa Zuhura, wa Mnazi, huku chini kwenye tambarare ya wilaya yetu. Naye anafanya kazi Muscat. Alikuwa na begi la mke wangu. Naomi alisimama katikati ya uwanja, akamsalimia shikamoo, akalipokea begi, akaingia nalo ndani akafunga mlango. Ndani ya begi mlikuwa na gauni lake jeupe.

Zuhura alikaribishwa chai. Alipoulizwa safari, akajibu bila kujua anamjibu nani.

"Tulikuwa wawili kwenye foleni, mimi na Mama Naomi. Tulikuwa na tiketi za ndege ile ile. Nilipoambiwa kuzunguka nikasema ndiyo, hata sikuuliza ni wapi. Nimelala kwenye kiti, shingo mpaka leo inauma, lakini nimefika. Mwenzangu akasema, ngoja kwanza nimpigie baba. Kisha akaniletea begi. Akaniambia, tangulia nalo, na mimi nakuja nyuma yako."

Baba mkwe aliweka kikombe chini. Akamwuliza, "Mlikuwa mmesimama pamoja?"

"Pamoja kabisa, baba. Yeye alikuwa mbele yangu."

Mzee akainuka, akamshukuru Zuhura kwa kuleta mzigo, akatoka kwenda shambani. Jembe hakuchukua.

Jumapili Naomi alipata Kipaimara. Alijibu maswali yote kwa sauti, nilijivunia. Mama yake aliangalia ibada kwa WhatsApp, Elia akiwa ameishika simu juu mpaka mkono ukachoka, na mtandao wetu mnaujua. Alisikia nusu ya ungamo la imani la mwanawe. Alikuwa peke yake kwenye nyumba ya bosi, nyumba nzima tupu. Tiketi ya Jumanne aliiacha.

Nyumbani, baba mkwe alikataa meza kuu. Alikaa nyuma kwenye mafiga, walipokuwa wanaume wanaopika pilau. Naomi akamfuata huko na sahani, na gauni lake jeupe kwenye moshi. Nilikuwa nabeba kuni, nikasikia.

"Mama yako angekuwa hapa," mzee alimwambia. "Mimi ndiye niliyemsimamisha njiani."

"Mama amesema ulimkataza kwa sababu unampenda."

"Ni kweli. Lakini barabara ile sikuwahi kuipita."

Naomi akakaa naye kwenye gogo. Kisha akasema, "Kula, babu. Mjomba Elia yuko karibu na sufuria ya nyama."

Mzee akala.

Wakuu, sijaandika haya ili mumseme mzee wangu. Ushauri wake umeokoa madereva wengi kwenye kona zile, na kesho ukungu ukishuka nami nitasimama na kuwasha taa kama alivyotufundisha. Tatizo ni kwamba sote pale tulikuwa tunashauri juu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Yeye alitumia barabara yake, mimi nilitumia ubao wangu. Nilieleza hatari ya majivu kwa ufasaha mpaka nikamtisha mtu aliyetakiwa aharakishe. Kumbe jambo la kueleza lilikuwa dogo: shirika halimpandishi abiria kwenye ndege mpaka lijiridhishe kwamba njia yake ni salama. Hatari ya angani ina wataalamu wanaoipima. Hatari yako wewe abiria ni kiti.

Na aliyeko kwenye foleni anaona zaidi kuliko sisi tuliokaa Vuga na chai. Tungemwuliza tu, "wewe unaonaje?" Hakuna aliyemwuliza, hata mimi mumewe.

Kama una ndugu Oman, Dubai, India kwenye matibabu, au popote pale, mwambie haya leo kabla volkano nyingine haijaamka. Usiogope kwamba utaonekana unajua sana. Na wenye uzoefu wa safari kufutwa, au mnaofanya kazi viwanja vya ndege, changieni hapa chini. Nikirekebishwa nitashukuru, maana nimeshaanza kuwafundisha watoto jambo hili darasani.

Kwa leo shika hili moja. Ndege yako ikifutwa na ukapewa njia ya kuzunguka itakayokufikisha kwa wakati, sema ndiyo kwanza, pokea tiketi mkononi, halafu ndipo upige simu nyumbani.