Kifundo Nilichokificha

Mara ya kwanza kifundo changu cha mguu kuteguka ilikuwa Oyugis, katika mechi ya voliboli ambayo tulikuwa karibu kuimaliza. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Tulikuwa tukiongoza kwa mbali, nami nikaruka kupiga mpira ambao ningeuacha ungetoka nje wenyewe. Nikatua juu ya mguu wa msichana wa timu pinzani, uliokuwa umepenya chini ya wavu. Mguu wangu wa kulia ukapinduka kwa ndani, nikakaa kitako kwenye udongo mwekundu wa murram nikishika kifundo kwa mikono yote miwili. Pointi tulipata.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza sekondari na niko nyumbani, Ndhiwa, bila karo ya chuo. Katika miaka hiyo ya tisini, msichana kama mimi alikuwa na njia moja tu ya kupata kazi ya ofisini. Mashirika makubwa ya Nairobi yalikuwa na timu za voliboli, na aliyechukuliwa timuni alipewa meza, mshahara na koti la michezo lenye jina la shirika mgongoni. Kocha wetu, mwalimu wa shule ya msingi huko Homa Bay, alikuwa amepata habari kwamba shirika moja lingetuma mtu Migori kutazama wasichana. Ilikuwa imebaki miezi minne. Niliitaka ile meza kuliko kitu chochote.

Kwetu mguu ukiteguka hupeleki hospitali, unapeleka kwa mwenye mikono. Katika ukoo wetu mwenye mikono alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye sote tulimwita waya. Walikuja kwake hata wavuvi wa Karungu wenye mabega yaliyochomoka. Aliniweka mguu kwenye maji moto ya chumvi, akaupaka samli, akaanza kuukanda kwa vidole gumba viwili ambavyo havikuwa na huruma hata chembe. Nilipiga mayowe siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, alipokuwa akizungusha unyayo, kitu ndani ya kifundo kikalia: tka.

"Oduogo!" akasema kwa sauti, kisha akanigeukia. "Umesikia, nyathina, mwanangu? Imerudi."

Wanawake waliokuwa mlangoni wakapiga makofi. Nilipofungua mdomo kusema asante, waya alinipiga kofi dogo mkononi. Dawa haishukuriwi, ukiishukuru inakimbia. Kwa hiyo niliondoka bila kushukuru, na bila kuuliza pia, maana kuuliza nako kulikuwa namna ya kumdharau aliyekutibu.

Huo mlio ndio uliotupoteza. Kwetu mfupa ukilia, umerudi mahali pake, na ushahidi mwingine hautafutwi. Hakuna aliyejiuliza ni kwa nini mfupa uliorudi Jumatatu urudi tena Alhamisi. Mimi mwenyewe nilijifunza kuufanya ulie. Nilizungusha mguu, tka, nikawaambia wenzangu wasikilize, wakacheka. Siku kumi baada ya Oyugis nilikuwa uwanjani naruka. Kifundo kikapinduka tena nikishuka jiwe moja la kipumbavu njiani, kisha kikapinduka kanisani nikiinuka kuimba, na kila mara ilikuwa waya, samli, tka, makofi. Kocha naye alipenda kunirushia ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ilinichoma roho. Mimi nililisikia la mkuu, tena kwa utiifu wote, na guu langu ndilo hilo!

Mwezi mmoja kabla ya siku ya Migori, kifundo kiligoma. Nilikuwa natoka sokoni na mtama kichwani, mara kikakwama, hakipindi mbele wala nyuma, kama mlango ulioingiwa na kokoto kwa chini. Nilisimama kwa mguu mmoja katikati ya barabara nikitukana. Kilipoachia, sikuenda kwa waya. Nilisikia kuna daktari mgeni wa mifupa aliyekuja Homa Bay kwa wiki moja, nikaenda, sikumwambia mtu.

Alinipiga eksirei, akainua ile picha kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Kifundo kama hiki kinaweza kuwa na shida nyingi," alisema. "Kano zinalegea. Nyama ya kovu inajaa ndani. Wengine wanaota kipembe cha mfupa hapa mbele. Yako ni hii. Unaona hii kitu ndogo?"

Niliona doa, si kubwa kuliko mbegu ya dengu. Ni kipande cha gegedu kilichobanduka pamoja na kijisehemu cha mfupa, akaniambia, na kinatembea ndani ya kiungo.

"Lakini huwa kinalia, halafu kinarudi," nikasema.

"Hakirudi, dada. Kinapita tu."

Akanieleza kwamba kuna upasuaji wa matundu mawili madogo. Katika tundu moja unapita mrija mwembamba wenye kamera, katika lingine kijikoleo kinachokitoa kile kipande, na mtu anarudi nyumbani karibu mzima. Hakujua kama hata Nairobi kuna wanaoufanya kwenye kifundo. Huku kwetu ingebidi kupasua mguu upande mzima. Kisha akasema neno ambalo sijalisamehe. Kama ningewekwa plasta ya wiki sita tangu mara ya kwanza, huenda kile kipande kingeshika chenyewe.

Wiki sita! Nilikuwa na miezi minne mizima.

"Sasa usiruke," akaniambia. "Ukiruka kinasaga ile iliyobaki."

Nyumbani nilimwambia waya nilikuwa nimeenda kumtembelea rafiki. Ningemwambiaje kwamba mikono yake, ile iliyotibu nusu ya tarafa, ilikuwa ikisukuma kokoto huku na huku? Hiyo ndiyo sababu niliyopenda kujipa. Sababu ya kweli ni kwamba ningemwambia yeye, kocha angejua, na kocha akijua angenitoa kwenye orodha. Kwa hiyo nilinyamaza, nikapasua leso kuukuu, nikajifunga kifundo chini ya soksi, nikaenda Migori.

Nilicheza. Siwezi kujinyima hilo, nilicheza vizuri kuliko siku zote. Mwanamke aliyetumwa na shirika, mrefu, filimbi shingoni, alisimama upande wetu wa wavu na hakuondoka. Nilimsikia akimwambia kocha, "Huyu wa Ndhiwa mpira yake ni kali." Mpira uliofuata nilipanda juu, nikaupiga, nikatua, na kifundo kikakwama. Nilianguka kama gunia.

Yule mwanamke alikuja akachuchumaa. Akafungua soksi, akaitazama ile leso kwa muda.

"Hii mguu imeanza lini?"

Kocha alikuwa akinitazama. Wenzangu pia. Walikuwa wakijua kwamba unateguka, lakini wote waliamini umerudi.

"Leo," nikasema. "Sasa hivi."

"Pole. Ya leo itapona," akasema, akatoa kalamu. "Nakuweka kwa listi ya mwaka ujao. Hauna haja ya kujaribiwa mara mbili."

Nilipewa mwaka mzima. Ningeweza kuutumia kusema ukweli, kuuliza huo upasuaji uko wapi, kuchangiwa nauli kanisani. Niliutumia kujifunza kutembea bila kuchechemea mbele za watu. Kila aliponiuliza kocha, nilisema naupumzisha. Kwa siri nilijaribu kuruka nyuma ya nyumba, nikatua kwa mguu mmoja wa kushoto, nikajua sitafika popote.

Kabla mwaka haujaisha, kocha alikuja mwenyewe hadi nyumbani. Alikalishwa, akapewa chai, hakuigusa. Shirika lilikuwa likipunguza wafanyakazi, akasema, na timu ya wasichana ndiyo iliyofutwa kwanza. Listi haikuwa na maana tena. Mama alijifunika uso kwa kitambaa. Waya aliilaani serikali kwa Kijaluo mpaka akakohoa.

Mimi nilifurahi. Furaha ilinijia haraka, kabla hata kocha hajamaliza kusema, kwa sababu sasa hakuna ambaye angewahi kuniona nikishindwa. Nikalia pamoja nao, kwa sauti kubwa, wasije wakajua.