Siku Tuliuza Jipu ya Mama Batoto

Hee, batu ya hapa! Weye unachambua maharagwe, acha kwanza. Na weye muzee, sogeza kiti. Niwaambie namna tuliuza jipu yetu, ile gari ya zamani, pale Ngezi.

Ile jipu, bibi yangu, mama ya batoto yangu, alikuwa anaiosha kila asubui mbele ya kunipatia chai. Ilikuwa inangaa mupaka jogoo yetu ilipigana mwezi muzima na jogoo ingine yenye iliona ndani ya mulango ya jipu, ikakonda. Majirani walikuwa wanakuja kunyolea ndevu kwa kapo, kile kifuniko ya injini, kama kwa kioo. Nikidanganya, mvua inipige!

Lakini macho yangu ilichoka. Dokta akasema, "Muzee, usiendeshe tena." Jipu ikabaki tu mu parseli, mu kiwanja ya nyumba, pine za magurudumu zinaisha pumzi pole-pole. Nikaona ni heri ipate mutu wa kuitembeza mbele haijaoza.

Njo akakuja muchuruzi mumoja, mutu wa biashara, wa Mongbwalu. Akafungua kapo, akalala chini ya gari, akanusa mupaka viti.

"Papa, hii iko muzuri kupita. Iko na ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Iko na mama."

Bibi yangu alikuwa amekaa kwa mulango wa nyumba, funguo ya jipu amefunga ku pembe ya kikwembe, ile kitenge amevaa. Mu ile jipu batoto yetu yote sita walilalaka tukitoka kanisani. Wa mwisho alizaliwa kwa kiti ya nyuma, katikati ya matope ya barabara ya Kilo. Nikajua: akikatala, hata jeshi haiwezi kumutosha ile funguo.

Muchuruzi akapiga magoti. "Mama, nifanye nini?"

"Mutoto wangu haendake bure. Mutu akioa, si analetaka mbuzi?"

Nikasema basi, amekwisha kukimbiza mununuzi. Kumbe yule mwanaume alitoka mbio, akarudi anavuta mbuzi. Bibi yangu akaiangalia meno. Kiisha akafungua kifundo, akamupatia funguo na mikono yote mbili.

"Usimupitishe mu mashimo mbio-mbio," akasema, machozi inatelemuka. "Asubui anaamukaka pole-pole. Umungojee."

Majirani wakapiga vigelegele. Muchuruzi akawasha jipu, akatosha kichwa kwa dirisha, jasho inamutoka:

"Mama mukwe, nakuomba, mutu asimuambie bibi yangu kama nimeoa wa pili!"