Betri Isiyowekwa Maji

Leo nimechekwa mbele ya gari la mpwa wangu.

Ni haibridi, linatumia petroli na betri. Amekuja nalo hapa Isiolo, halipigi hata kelele.

Nikamuuliza, "Maji ya betri unaweka wapi?"

"Mjomba, betri za siku hizi haziwekwi maji!" Watu wakacheka sana.

Mimi sikucheka.

Miaka ya themanini, wakati wa ukame, lori la mbuzi lilituharibikia nyikani, mbali kupita kijiji cha Kulamawe. Dereva akaenda kutafuta msaada kwa miguu. Nikabaki na baba yangu siku mbili, bila maji.

Chini ya kiti nikapata chupa ya soda imejaa maji safi kabisa.

Nilikuwa na kiu ya kufa. Lakini kwetu mnajua, mzee ndiye hunywa kwanza. Nikampa kwa mikono miwili.

Ilikuwa asidi ya betri.

Dereva aliporudi, nilisema baba amekufa kwa kiu.

Mpwa wangu amebeba jina la baba yangu. Hayuko kwa hii grupu, ndio maana naandika. Mpaka leo anajua babu yake aliuawa na kiu.

Nyinyi mngemwambia?