Mama wa Kambo Aliyekalia Taji

Padri alihubiri kwamba kisasi ni cha Bwana. Desemba iliyopita Bwana alikuwa na kazi nyingi, nikampunguzia.

Mchezo wetu wa Noeli uliletwa kwenye ukumbi wa parokia, Auderghem, hapa Brussels, na maman mmoja, mama wa kwetu Kongo, anayefanya usafi kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman. Aliwaona Waingereza wakiucheza: mwanaume anavaa gauni na kuwa mama wa kambo, watoto wanamzomea, na mwishoni binti mwema anavishwa taji. Akasema na sisi tunaweza, tena kwa Kiswahili. Yeye akawa mwongozaji. Mimi, miaka kumi na sita na mdomo usiofungwa, nikapewa kazi ya nyuma ya pazia: kuwapa waigizaji vyombo vyao, kufuata maneno katika daftari, kumnong'onezea anayesahau.

Mama wa kambo alikuwa tonton mmoja, mjomba wa parokia nzima, kiongozi wa kwaya. Tumbo lake huingia mlangoni kabla yake, na sifa zake kabla ya tumbo.

Siku ya mazoezi ya mwisho taji lilikutwa bapa kama chapati. Nilimwona kwa macho yangu akilikalia, akivaa viatu vya kike. Ila aliniwahi.

"Muone huyu mutoto! Ameharibu taji. Kazi yake ni kucheka tu."

"Tonton, si ni wewe uliikalia..."

"Alors, miye ni muongo?"

Mama yangu, aliyekuwa akikaanga maandazi ya beignets katika jiko la ukumbi, alitoka na mwiko mkononi. Kwetu mtoto habishani na mkubwa, hata mkubwa akisema theluji ni nyeusi. Akaniamuru niombe msamaha. Nikaomba. Kisha akasema baada ya Jumamosi, siku ya kwanza ya mchezo, sitakanyaga tena jukwaani, nitabaki nyumbani na hesabu zangu. Hapo ndipo paliponiuma. Brussels nzima, nyuma ya lile pazia ndipo mahali pekee ambapo watu wazima hungoja ishara yangu.

"Na kesho bintu yangu yote ya mchezo ikuwe safi!" tonton akamalizia. "Sufuria, kifuniko, mwiko, yote!"

"Ndiyo, tonton."

Sisi wa nyuma ya pazia tulijua siri yake: hakuwahi kushika maneno. Aliyaandika kwa kalamu ndani ya kifuniko, kwenye mwiko, hata kwenye kuta za sufuria. Basi nikatii. Nilisugua kwa siki na sabuni mpaka kifuniko kikawa kioo. Sijawahi kuwa mtiifu hivyo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Tonton akaingia, watoto wakamzomea vizuri, akafunua sufuria. Akaona uso wake mwenyewe. Akageuza mwiko. Safi. Mwingine angekimbia. Kiongozi wa kwaya akiishiwa maneno hubaki na jambo moja tu: alifumba macho, akainua mwiko juu.

"Tuombe!"

Na watu wetu wakisikia hivyo hawaulizi. Ukumbi mzima ukasimama. Mama wa kambo, midomo myekundu, akawaombea wagonjwa, wasio na makaratasi ya ukaazi na amani ya Kivu, Amina juu ya Amina, huku akirudi kinyumenyume hadi kwenye pazia langu.

"Mutoto," akanong'ona, macho bado kayafumba. "Nipe neno."

"Sema kwanza nani alikalia taji."

"Nitakusemea kwa mama yako!"

"Amina," nikajibu, nikalifunga daftari kwa kishindo ili asikie.

Jasho lilikuwa limeshusha wanja mpaka mashavuni. Akavuta pumzi.

"Na tena, Bwana, unisamehe. Ile taji, ni miye njo niliikalia. Mutoto wa batu nikamubebesha bure."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Walidhani ni mchezo. Mama yangu, safu ya tatu, hakucheka. Alitazama pazia kwa muda, akaketi polepole. Nikampa tonton neno lake, kwa sauti tamu kabisa.

Pazia lilipofungwa mama alikuja nyuma.

"Kesho munaanza saa ngapi?"

"Saa nane."

"Bon. Utakula kwanza, mbele ya kuja."

Hilo kwa mama yangu ni msamaha pamoja na mihuri yake. Maman mwongozaji naye akafika, bado anafuta machozi ya kicheko, akanipa kalamu yake ya bic.

"Ile sala, iandike mu daftari. Kesho ataisema tena, na Jumapili ingine pia."

"Yote, maman?"

"Yote. Ya taji njo tamu kabisa."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Tonton alikuwa amekwama katikati ya gauni, kichwa ndani, mikono juu. Nikamwekea nakala yake juu ya kiti, nikamwomba safari hii aishike kwa moyo.