Sita na Mwenzake

Siku kompyuta ya mradi wa maji ilipowekwa katika kibanda kando ya tangi, Muchangi alivaa shati jeupe kama bwana harusi. Alikuwa amekulia Mbeere, upande wa Kiambere, ambako nyaya za stima hupita juu ya vichwa vya watu kwenda kuangaza miji ya wengine, huku akina mama wakiteremka kwenye mawe, mitungi mgongoni, kuteka maji kwenye bwawa lenye mamba. Aibu hiyo ndiyo iliyompeleka chuoni kusomea kompyuta, na ndiyo iliyomrudisha nyumbani.

Nyumba zilizounganishwa zilikuwa kumi na mbili, na maji hayakutosha kufunguliwa kwa wote pamoja, kwa hiyo kila nyumba ilipewa zamu. Muchangi aliandika skripti, yaani amri chache ambazo mashine huzifuata moja baada ya nyingine. Kiini chake kilikuwa hiki: seq 1 12. Ukiiambia hivyo, mashine inatoa namba kwa mfuatano, moja hadi kumi na mbili, na kwa kila namba skripti inafungua valvu inayofuata kwenye bomba, inangoja zamu iishe, inafunga, inaenda kwa nyumba inayofuata. Hakuna mjomba wa mtu. Hakuna kitu kidogo. "Haki tupu," Muchangi alipenda kusema, na aliposema hivyo macho yalimwaka.

Namba zilipakwa rangi kwenye visanduku vya valvu, kufuata bomba kutoka tangini. Saba ikaangukia lango la Wambeti.

Wambeti alikuwa mjane wa jirani. Hakuwa wa damu yake, lakini ndiye aliyemlisha Muchangi uji wakati mama yake alipolazwa hospitali miezi mingi, na hadi leo Muchangi alimwita cucu, kama mtu anavyomwita nyanya yake. Jioni ya ufunguzi, watu wakiwa wamejaa nje ya ukumbi wa kanisa, Wambeti alimshika mkono akamvuta pembeni.

"Muchangi, ile namba siwezi kukaa nayo langoni. Niandikie nyingine."

Yeye alikuwa amenong'ona. Muchangi akajibu kwa sauti ya jukwaani. "Cucu, mashine haijui mwiko!"

"Mashine haijui. Wewe unajua."

Njue, mwenyekiti wa mradi, akasogea. "Si uiruke tu, injinia? Kwani hiyo mashine itakupeleka kortini?"

"Nikiruka saba leo, mzee, kesho mtaniambia niruke Jumanne. Ni mambo kama haya yametuweka na kiu miaka yote."

Vijana wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Mwambie, engineer!" Wambeti akatabasamu tabasamu la mtu aliyevuliwa kitambaa kichwani mbele ya watu, akaenda zake.

Na kweli Muchangi alijua. Kabla hajaanza shule, Wambeti ndiye aliyemfundisha kuhesabu, wakichambua ndengu kwenye ungo. Tano, sita, sita na mwenzake, nane. Saba haikutajwa katika nyumba ile. Wazee wengi waliiogopa, lakini kwa Wambeti haikuwa desturi tu: mtoto wake wa saba alizikwa kabla ya kupewa jina, na tangu hapo alikuwa akizunguka namba ile kama mtu anavyozunguka kaburi, bila kulikanyaga. Mwalimu wa shule ya msingi alimchapa Muchangi kwa hesabu hiyo. Labda hapo ndipo alipoanza kuionea haya.

Wiki zilizofuata, mita ya nyumba ya saba ilisoma sufuri. Muchangi akasema mita ni mbovu, akaibadilisha. Ikasoma sufuri tena. Akakagua waya, akakagua skripti mstari kwa mstari, akampigia simu rafiki yake wa chuo. Nyumba yenyewe ilionekana kutoka kibandani. Angepiga mluzi, Wambeti angesikia. Hakwenda, kwa sababu moyoni alijua kwamba mita ni nzima, na kwamba akifika pale atalazimika kuchagua kati ya kiburi chake na yule mama.

Wambeti hakufungua bomba lile hata siku moja, wala hakutaka kuombaomba kwa majirani. Aliendelea kuteremka bwawani na mtungi wake. Asubuhi moja ya manyunyu aliteleza kwenye mawe, nyonga ikavunjika, na wavulana wa boda boda ndio waliomkuta.

Muchangi alimfuata hospitali.

"Umekuja mikono mitupu?" Wambeti alimuuliza. "Hata maziwa ya pakiti?"

"Cucu, nisamehe. Ile namba nitaibadilisha leo leo."

"Ni kazi kubwa?"

Alitamani kudanganya. "Hapana. Ni mstari mmoja tu."

"Mstari mmoja," Wambeti akasema. "Mimi nilikuwa nawaambia watu, msimlaumu kijana, pengine ni kazi kubwa."

Jioni hiyo Muchangi aliufuta ule mstari akaandika mwingine: seq 1 6, seq 8 13. Mfuatano wa kwanza ukaishia sita, wa pili ukaanzia nane, nyumba zikabaki zile zile kumi na mbili, na lango la Wambeti likawa nane. Mashine haikulalamika. Njue alipaka namba upya kwenye visanduku.

Lakini Wambeti hakurudi. Mguu haukuweza tena mawe ya Kiambere, na binti yake akamchukua akakae naye Embu mjini, katika chumba chenye bomba ndani. Nyumba ikafungwa kwa kufuli.

"Itoe nane sasa," Njue alimwambia. "Maji yanamwagikia nani pale?"

"Hayamwagiki, mzee. Nayakinga."

"Unayakinga ya nani?"

Kila zamu ya nane inapofika, Muchangi anateremka hadi lango lile, anaweka mtungi wa Wambeti, ulioachwa pale, chini ya bomba na kusubiri ujae. Kisha anafunga kwa mkono, kabla mashine haijafunga yenyewe.